Tuta la udongo limesimama miaka 31 bila kuvunjika: je, umri wake ni ushahidi wa usalama?

#1 Mrithi_wa_Tuta

Salamu kwenu nyote. Marehemu baba yetu alituachia shamba lenye bwawa dogo, ambalo alilijengea tuta la udongo miaka 31 iliyopita. Tuta lina kimo cha mita 4.5 pale lilipo refu zaidi kwenda juu, linakatiza bonde kwa mita 100, na bwawa likijaa maji hurudi nyuma bondeni takriban mita 240. Tangu mvua zilizopita nimeona doa la unyevu upande mkavu, karibu na kitako cha tuta, mkono wa kushoto kwa mtu aliyelipa bwawa mgongo. Nyasi za hapo ni za kijani kibichi wakati nyingine zote zimekauka, na chini yake kunatoka kijito chembamba kama kidole.

Kaka yangu anasema kwamba tuta lililohimili masika 31 limekwisha kujithibitisha, na kwamba hakuna bwawa la udongo lisilotoa jasho. Mimi nakosa usingizi kila mvua inaponyesha usiku, kwa sababu baba alipojenga, bonde la chini lilikuwa tupu, na leo lina nyumba kumi na moja. Naomba kujua mambo mawili: je, umri wa tuta ni ushahidi wa usalama wake, na doa hili linatoka wapi?

#2 Fundi_Mshindiliaji

Ndugu Mrithi, pole kwa wasiwasi, ambao kwa maoni yangu una msingi. Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa mabwawa madogo ya bondeni tunakadiria ujazo kwa kuzidisha upana wa maji ukutani, urefu wa maji kurudi nyuma na kina cha juu kabisa, kisha tunagawanya kwa sita. Ukichukua mita 100, mita 240 na kina cha mita 4, unapata mita za ujazo 16,000. Kila mita ya ujazo ni tani moja, kwa hiyo juu ya nyumba zile kumi na moja kumekaa tani 16,000 za maji zinazozuiwa na udongo peke yake.

Kuhusu doa, kaka yako hajakosea kabisa. Maji hupenya ndani ya kila tuta la udongo na kuchora mstari unaoshuka kutoka upande wa bwawa hadi upande mkavu. Kama mjenzi hakuweka mchanga na changarawe kwenye kitako ili kuyapokea maji hayo chini, mstari hujitokeza usoni mwa tuta, na hapo ndipo nyasi hubaki kijani. Swali la kwanza si kama linavuja, bali ni kama maji yanayotoka ni maangavu au yana tope. Maji maangavu yanatoka peke yake, lakini maji yenye tope yanatoka na tuta lako.

#3 Shamba_la_Juu

Naungana na kaka. Bwawa letu lina doa kama hilo tangu nilipokuwa mtoto, na sasa nina wajukuu. Tumelisha ng'ombe kwenye nyasi zile kila kiangazi. Watu wakianza kuogopa kila unyevu, watabomoa mabwawa mazima bila sababu.

#4 Hesabu_Kwanza

Mzee Shamba_la_Juu, kwa heshima, doa lako na la ndugu Mrithi hayafanani katika jambo moja la msingi: lako ni la tangu zamani, lake ni jipya. Tuta lenye unyevu usiobadilika kwa miongo linaeleza habari tofauti na tuta lililokuwa kavu miaka 30 kisha likalowa.

Kuhusu umri, jibu ni ndiyo kwa sehemu. Uchambuzi wa mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika duniani unaonyesha kwamba karibu nusu yalivunjika kwa sababu maji yalipita juu ya tuta au utoro, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji yanayozidi, ulishindwa kazi, na karibu nusu nyingine kwa mmomonyoko wa ndani, yaani maji kujichimbia njia katikati ya udongo au chini yake. Kuporomoka kwa miteremko ni sehemu ndogo sana. Sasa, mmomonyoko wa ndani hupenda kutokea bwawa linapojazwa mara ya kwanza au katika miaka mitano ya mwanzo, na hapo umri unakutetea. Lakini kwa maji kupita juu, umri hausemi kitu, kwa sababu mvua kubwa kuliko zote bado inaweza kuwa haijanyesha. Tena bomba la chuma lililozikwa ndani ya tuta halizidi kuwa imara kadiri miaka inavyopita, bali linazidi kuoza.

Mfano maarufu ni bwawa la South Fork, juu ya mji wa Johnstown nchini Marekani. Lilisimama miaka zaidi ya 30 bila kuvunjika, kisha tarehe 31 Mei 1889 likaondoka lote na watu 2,209 wakafa.

#5 Mkaguzi_Mstaafu

Nasahihisha kidogo #4. South Fork halikusimama bila kuvunjika. Lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850 kwa ajili ya mfereji wa jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1862 sehemu yake ilibomoka karibu na njia ya chini ya kutolea maji. Madhara yalikuwa madogo kwa sababu bwawa halikuwa limejaa. Baadaye mabomba ya kutolea maji yaliondolewa, na hatimaye klabu binafsi ya wavuvi na wawindaji ikalinunua na kulifukia pengo. Kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapate nafasi ya kupita, na utoroni vikawekwa vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Siku mvua ilipokuja, mlango wa chini wa kupunguza maji haukuwapo, na utoro ulikwishabanwa na takataka zilizonaswa kwenye vyuma vile.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu kila kosa lililofanyika pale hufanywa na mwenye bwawa mdogo leo, tena kwa nia njema.

#6 Mkaazi_wa_Bonde

Mimi ni mmoja wa wale wanaoishi chini ya bwawa la mtu mwingine, kwa hiyo nawaomba wenye mabwawa mtusikilize. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Ndugu Mrithi, unalala ukiwaza, lakini wale wa nyumba kumi na moja wanajua kwamba kuna doa?

#7 Mrithi_wa_Tuta

Nawashukuru. Dada Mkaazi, hawajui, na swali lako limenichoma.

Nimechunguza na kuuliza wazee waliofanya kazi na baba. Bomba la kutolea maji ni la chuma, upana wa milimita 150, na limepita chini ya tuta takriban mita tatu kutoka lilipo doa. Koki yake haijafunguliwa kwa miaka tisa. Miaka sita iliyopita tulikata miti mitatu mikubwa iliyoota kwenye upande mkavu, tukaacha visiki. Miaka miwili iliyopita bwawa lilikauka kabisa kwa ukame, likakaa miezi mitano bila maji, kisha likajaa kwa siku nne. Upande ule wa kushoto kuna kilima, na wazee wanasema zamani kulikuwa na chemchemi mahali fulani, ila hawakubaliani ni wapi. Maji ya kijito kwa macho yangu ni maangavu.

#8 Kutu_Haina_Huruma

Basi jibu ni bomba. Mita tatu si umbali wowote kwa maji yanayotafuta njia. Udongo unaozunguka bomba ndio mgumu kuliko wote kushindilia, kwa kuwa rola haliwezi kufika chini ya tumbo la bomba, na mjenzi mwenye haraka huacha uwazi hapo. Bomba likitoboka, maji yenye shinikizo hutoka ndani na kuchimba kutokea katikati.

Someni habari za bwawa la Lawn Lake katika milima ya Colorado. Lilikuwa tuta la udongo la takriban mita 8 tu, mali ya kampuni ya umwagiliaji. Tarehe 15 Julai 1982, alfajiri, bila mafuriko ya mvua, lilivunjika na watu watatu wakafa. Chanzo kilichotajwa ni kuchakaa kwa madini ya risasi yaliyoziba kiungo kati ya bomba na valvu yake, yaani koki. Kiungo kimoja, jamani! Na koki ya Mrithi haijaguswa kwa miaka tisa.

#9 Mizizi_Mirefu

Ndugu Kutu, kila uzi wa mabwawa unaufikisha kwenye bomba, hata tungekuwa tunazungumzia bwawa lisilo na bomba. Tazama tarehe alizozitoa mwenyewe. Miti ilikatwa miaka sita iliyopita na visiki vikaachwa. Mti ukiwa hai, mizizi yake hujaza nafasi uliyoichukua. Ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija mitupu, na ule mkuu unaweza kuwa mnene kama mkono wa mtu. Miaka sita inatosha kabisa kwa mizizi ya aina nyingi ya miti kuwa vumbi.

Kukata mti mkubwa juu ya tuta bila kung'oa kisiki na kushindilia udongo mpya tabaka kwa tabaka ni hatari kuliko kuuacha. Mche uukate ungali mdogo kama kidole, lakini mti uliokwisha kuwa mkubwa unahitaji mpango, na maji yashushwe kwanza kabla ya kuchimba mizizi yake.

#10 Shamba_la_Juu

Mizizi_Mirefu, sasa wanitisha mimi. Nina mikaratusi kumi na minne juu ya tuta langu, na niliipanda mwenyewe ili ishike udongo.

#11 Mizizi_Mirefu

Mzee wangu, nyasi fupi zilizoshikamana ndizo zinazoshika udongo wa tuta. Mkaratusi hushika upepo, na dhoruba ikiuangusha unaondoka na shina zima la udongo. Usiikate kesho asubuhi yote kwa hasira, anza kwa kushusha maji na kutafuta ushauri.

#12 Adui_wa_Mchwa

Naomba mchwa nao wapewe nafasi. Tuta kavu lenye mizizi inayooza ni karamu kwao. Kichuguu cha nje kinaweza kuwa kidogo, lakini vyumba vya ndani huwa vikubwa, na njia zao huweza kuvuka tuta kutoka upande hadi upande juu ya usawa wa kawaida wa maji. Bwawa likipanda kupita usawa uliozoeleka, maji huingia kwenye njia hizo kwa mara ya kwanza. Nchini China, kusaka mchwa katika kingo za mito na matuta ya mabwawa ni sehemu ya kazi rasmi ya utunzaji.

Katika shamba nililosimamia, doa lilitokea ghafla baada ya mvua kubwa na kila mtu akalaumu bomba. Tulipochimba tukakuta chumba ambacho mtu angeweza kuingiza kichwa na mabega. Wanyama wachimbaji, kama panya buku na nungunungu, hufanya kazi hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi.

#13 Fundi_Mshindiliaji

Yote mliyosema yanawezekana, lakini mimi naona mmeruka habari nzito kuliko zote aliyoitoa #7: bwawa lilikauka miezi mitano kisha likajaa kwa siku nne. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, na nyufa zake huanzia juu kwenda chini. Bwawa likijaa polepole, udongo hupata muda wa kuvimba na kuziba nyufa. Likijaa kwa siku nne, maji huzikuta ziko wazi.

Hatari huongezeka kama udongo ni wa aina inayosambaratika majini, yaani chembe zake zikiguswa na maji tulivu huachana zenyewe hata bila maji kutembea. Kwa aina hiyo, ufa mwembamba kama karatasi unaweza kuwa handaki ndani ya saa chache. Kupima ni rahisi: chukua bonge la udongo wa tuta, ukubwa wa punje kubwa ya hindi, litumbukize taratibu kwenye bilauri ya maji ya mvua, usikoroge, uangalie kwa dakika kumi. Likiporomoka tu na kuacha maji maangavu, si kitu kikubwa. Likitoa wingu kama maziwa linalotambaa chini ya bilauri, una udongo mbaya. Usitumie maji ya bwawa, maana chumvi zilizomo zinaweza kuficha tabia hiyo.

Jambo jingine: baba alishindilia kwa mashine gani?

#14 Mrithi_wa_Tuta

Mzee aliyekuwapo anasema ni tingatinga lililokuwa likisukuma udongo na kupita juu yake.

#15 Fundi_Mshindiliaji

Nilihofia hivyo. Tingatinga ni zito, lakini minyororo yake hutandaza uzito huo juu ya eneo kubwa, kwa hiyo shinikizo linalofika chini ni dogo. Tuta linatakiwa kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, udongo ukiwa na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kunata, kwa rola la meno. Hata kundi la ng'ombe waliopitishwa tena na tena hushindilia vizuri kuliko tingatinga, kwa kuwa kwato ni ndogo na uzito ni mwingi. Tuta lililoshindiliwa vibaya hushuka kwa miaka, na mara nyingi hushuka zaidi katikati, pale lilipo refu, ambapo ndipo maji yakipita juu hufanya madhara makubwa zaidi. Pima usawa wa kilele kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa bomba la maji la plastiki linaloonyesha ndani.

#16 Saruji_Ndiyo_Dawa

Mnazunguka sana. Chimba hapo kwenye doa, jaza zege la nguvu, piga plasta, kazi imekwisha. Nimefanya hivyo kwa jirani na unyevu ulikoma siku ile ile.

#17 Mkaguzi_Mstaafu

Ndugu Mrithi, tafadhali usifanye kama #16 anavyoshauri. Naandika kwa msisitizo kwa sababu ushauri huu umeharibu matuta mengi. Ukiziba maji upande wa kutokea, hujayazuia kuingia. Yanabaki ndani ya tuta, shinikizo linapanda, udongo unalainika, na yatatafuta tundu jingine usiloliona. Unyevu kukoma siku ile ile si habari njema hata kidogo.

Maji yazuiwe upande wa kuingilia, na upande wa kutokea yaachwe yatoke huku chembe za udongo zikizuiwa. Ndiyo kazi ya chujio: mchanga safi wa kiasi cha kati hukaa juu ya udongo wenyewe, changarawe hufuata juu ya mchanga, na mawe huwekwa juu ya vyote kuwa uzito. Maji hupita, udongo hubaki. Hata kwenye mabomba mawazo yamebadilika. Zamani tulivalisha bomba kola za zege ili kurefusha safari ya maji, lakini ilionekana kwamba kola zinazuia kushindilia vizuri, na leo wengi hupendelea kulizungushia bomba chujio la mchanga kuelekea upande mkavu.

#18 Saruji_Ndiyo_Dawa

Nimekuelewa, Mkaguzi, na nashukuru. Nitarudi kwa jirani wiki hii kulitazama lile tuta.

#19 Hoja_Nzito

Mimi naona mnahangaika na matundu madogo wakati mabwawa ya watu binafsi huvunjwa na mvua. Edenville, jimbo la Michigan, mwezi Mei 2020: mvua ilinyesha, maji yakapita juu ya tuta, likaondoka.

#20 Hesabu_Kwanza

Hapana, ndugu Hoja, na kosa hili limeenea sana. Maji ya Edenville yalipanda kupita usawa wa kawaida, lakini hayakufika kwenye kilele. Sehemu ya tuta iliteleza na kumiminika ghafla mchana, na video yake ipo. Ripoti ya wachunguzi huru ya mwaka 2022 ilieleza kwamba mchanga uliolegea na kujaa maji ndani ya tuta ulipoteza nguvu zake mara moja na kutembea kama uji. Tuta lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa maelfu ya watu walikwishahamishwa. Mwaka 2018, miaka miwili kabla ya hapo, mwenye bwawa alikuwa amenyang'anywa leseni ya kuzalisha umeme, na sababu kubwa ilikuwa uwezo mdogo wa utoro. Kila mtu aliangalia utoro, tuta likaangushwa na jambo jingine.

#21 Hoja_Nzito

Nimesahihishwa. Lakini Kelly Barnes, Georgia, 6 Novemba 1977, watu 39, lile hakika lilikuwa mvua?

#22 Mkaguzi_Mstaafu

Mvua ilikuwapo, lakini wachunguzi hawakuweza kutaja chanzo kimoja. Walitaja mteremko wa nyuma uliokuwa mkali mno, maji yaliyokuwa yakivuja kwa muda, na bomba la zamani lililozikwa ndani. Huenda vilisaidiana. Bwawa lile lilikuwa mali ya chuo binafsi, na baada ya msiba huo Rais Carter aliagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe. Naleta mfano huu kwa ndugu zangu Kutu, Mizizi na Adui wa Mchwa: si lazima mmoja wenu awe sahihi na wengine wakosee.

#23 Mkaazi_wa_Bonde

Kuna sheria gani? Au mwenye shamba anaweza kujenga anavyotaka?

#24 Hesabu_Kwanza

Inategemea nchi, na mipaka mingi imewekwa kwa ujazo au kimo. Afrika Kusini bwawa huingia kwenye kundi la kusimamiwa kiusalama likiwa na ukuta unaozidi mita 5 na ujazo unaozidi mita za ujazo 50,000. Uingereza, sheria ya mwaka 1975 iliweka mpaka wa mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi, na Wales ikaushusha hadi 10,000 mwaka 2016. Maana yake ni kwamba bwawa la ndugu Mrithi lenye 16,000 lingesimamiwa Wales, lisisimamiwe England, nalo ni lile lile.

Mimi binafsi siridhiki na mipaka hiyo. Mita za ujazo 16,000 juu ya pori ni hasara ya mwenye shamba, ila juu ya nyumba kumi na moja ni jambo la uhai wa watu. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni nani yuko chini, na jibu la swali hilo hubadilika bila mwenye bwawa kugusa hata koleo.

#25 Kutu_Haina_Huruma

Kabla hatujaenda mbali, Mrithi, usiifungue koki hiyo ukiwa peke yako. Ikikataa kufunga tena, utakuwa na tatizo jipya. Tumia mabomba ya plastiki ya kunyonya maji kupitia juu ya kilele, upande wa nje ukiwa chini kuliko usawa wa maji na mdomo wake ukiwa mbali na kitako ili usichimbe. Ushushe polepole, isizidi takriban sentimita 30 kwa siku. Ukishusha haraka, maji yaliyobaki ndani ya udongo hukosa wa kuyaegemea, na mteremko wa upande wa bwawa huporomoka.

Kijito nacho kipime. Kichimbie mfereji mdogo, weka kipande cha bomba, tega ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Andika kila siku pamoja na usawa wa bwawa na mvua. Pima na joto la maji ya kijito na ya bwawa, lisaidie kubaini kama kijito ni cha bwawa au cha maji ya ardhini.

#26 Mkaguzi_Mstaafu

Na utoro? Hujautaja hata mara moja.

#27 Mrithi_wa_Tuta

Utoro upo upande wa kulia, umechimbwa kwenye ardhi ngumu ya asili, upana mita 6. Nakiri kwamba mwaka jana tuliweka wavu wa waya pale, kwa sababu perege walikuwa wanatoroka. Nilipofika kwenye #5 nikatoka na koleo, nikaung'oa usiku ule ule. Ulikuwa umekwisha kunasa majani hadi nusu ya kimo chake.

#28 Mkaguzi_Mstaafu

Hilo peke yake limeulipa uzi huu.

#29 Mrithi_wa_Tuta

Nimerudi baada ya siku 16, nikiwa na daftari. Siku ya kwanza, kina kikiwa mita 4, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 50. Leo, baada ya kushusha maji sentimita 35, inajaa kwa sekunde 80. Maji yamekuwa maangavu siku zote isipokuwa asubuhi moja baada ya mvua, ambapo chupa niliyoacha itulie iliacha utando mwembamba chini. Joto la kijito ni nyuzi 21, bwawa juu ni 25, na chini kabisa ni 22. Udongo wa kitako haukutoa wingu, lakini bonge la karibu na kilele lilitoa wingu jembamba baada ya dakika nane. Kilele kimeshuka sentimita 20 katikati.

#30 Hesabu_Kwanza

Takwimu nzuri sana. Kina kimepungua kwa karibu asilimia 9, lakini kijito kimepungua kwa zaidi ya asilimia 37. Kama ni tundu kwenye bomba lililoko chini kabisa, ningetarajia kupungua kwa asilimia 4 au 5. Kama ni jasho la kawaida la tuta zima, labda asilimia 17. Kupungua kukubwa hivi kunaashiria kwamba njia fulani iliyokuwa juu, ndani ya zile sentimita 35, imeachwa kavu.

#31 Mizizi_Mirefu

Yaani mizizi. Visiki viko juu.

#32 Fundi_Mshindiliaji

Au nyufa, ambazo huanzia juu pia, na udongo wa juu ndio uliotoa wingu.

#33 Adui_wa_Mchwa

Au njia za mchwa, ambazo ziko juu kuliko zote mbili.

#34 Kutu_Haina_Huruma

Siondoki kirahisi. Mvua nazo zilikuwa zikipungua katika siku hizo 16, kwa hiyo chemchemi ya kilimani, kama ipo, ingepungua vilevile, na nyuzi 21 zinaweza kuwa za maji ya ardhini kama zinavyoweza kuwa za chini ya bwawa. Hatujui ni kiasi gani cha upungufu ni cha bwawa na kiasi gani ni cha kilima. Maji yaachwe yalipo kwa wiki mbili za ukavu, kipimo kiendelee.

#35 Mkaguzi_Mstaafu

Nakubaliana na Kutu kuhusu kusubiri, kwa sharti kwamba maji yasiruhusiwe kupanda tena. Udongo wa kurudisha kilele upatikane kabla ya mvua, na mhandisi wa mabwawa aje kabla ya mtu yeyote kuchimba kisiki au kutoboa tuta. Kijito kikitoa tope mfululizo, au ndoo ikianza kujaa upesi wakati bwawa halipandi, usiandike hapa kwanza. Watoe watu bondeni.

#36 Mkaazi_wa_Bonde

Nyumba ya kwanza iko umbali gani na tuta?

#37 Mrithi_wa_Tuta

Mita 600, dada. Jana jioni mimi na kaka tulipita nyumba kwa nyumba tukiwa na daftari. Tumewaonyesha doa wale waliotaka kuliona, tumeelewana wapandie upande gani, na wametupa namba zao za simu. Nyumba kumi tumezikuta na watu. Ya kumi na moja ilikuwa imefungwa, na nitairudia kesho alfajiri kabla hawajatoka.